Mwanajuma na Kisima Kilichogeuka

Mwanajuma binti Alawi alikuwa dobi, na katika Moshi ya miaka ile dobi mwanamke alikuwa kitu cha kutazamwa mara mbili. Hakukusudia kuwa dobi. Mumewe Mussa alikuwa akipaka grisi mabehewa pale stesheni, na grisi ya reli haitoki kwa maneno matupu. Mwanajuma aliisugua kwa majivu ya maganda ya ndizi na sabuni ya mche, akaianika suruali mbele ya nyumba ikawa kama imetoka dukani. Wenzake Mussa wakaiona. Juma lililofuata zikaja suruali tatu, halafu kumi, halafu kanzu za Ijumaa, halafu mashuka ya hoteli ndogo iliyokuwa karibu na soko. Kufika mwaka 1936 alikuwa na kamba sita za kuanikia, pasi mbili za makaa, na mikono yenye nguvu kama ya mtwanga kahawa. Binti yake Zuleha alikwisha kuolewa Arusha, lakini mtaa mzima uliendelea kumwita mama yake kwa jina la binti: Mama Zuleha.

Kazi yote hiyo ilisimama juu ya kisima. Kilikuwa katikati ya mtaa, hatua arobaini toka mlangoni kwake, kina chake futi thelathini, kimejengewa mawe meusi ya mlimani. Bomba la mji lilikuwa limefika kwenye maduka na kwenye nyumba za wakubwa, lakini huku chini lilikuwa halijashuka. Watu hawakunung'unika sana, kwa kuwa maji ya kisima chao yalikuwa laini mno. Sabuni ukiigusisha tu, povu limejaa karai.

Mwezi wa nane mwaka huo, sabuni ikaanza kukataa.

Siku ya kwanza alidhani ni kosa la sabuni yenyewe. Alisugua, akasugua tena, na badala ya povu akapata mabonge ya kijivu, kama maziwa yaliyokatika. Akanunua mche mwingine, duka jingine. Mambo yakawa yale yale. Mashuka yalipokauka yalisimama yenyewe kama ubao, na suruali za kaki zikatoka na michirizi myeupe mapajani. Mzee mmoja wa msikitini akarudisha kanzu yake, akasema kwa upole, "Mama Zuleha, leo umenivisha gunia. Shingo yangu yote imechubuka."

Mwanajuma akaomba radhi, akaifua tena, ikatoka vile vile.

Baada ya siku chache hakuwa peke yake. Jirani yake Shani, aliyekuwa akiuza chai na maandazi, alilalamika kwamba chai yake haieleweki hata akiongeza sukari. Maharage yalichemka toka asubuhi mpaka adhuhuri na bado yakagonga meno. Wanawake walipokutana kisimani waliyaonja maji kwa ncha ya ulimi, wakatazamana. Hapo ndipo Shani, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mama Zuleha, bahari yako imekufuata! Wewe uliitoroka Pangani, nayo imekata tiketi ikapanda garimoshi."

Watu wakaangua kicheko. Mwanajuma naye akacheka, akajitwisha debe lake, akaenda zake. Alipofika ndani alilitua, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasahau makarai yaliyomngoja nje.

Hakuna aliyejua hapo mtaani kwamba mzaha ule ulimgusa penye kidonda. Mwanajuma alizaliwa kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya Pangani, wakati wa Wadachi. Baba yake Alawi alikuwa na bustani ya tambuu, na bustani ile ilinyweshwa kwa kisima kilichokuwa umbali wa kurusha jiwe toka ufukweni. Mtu wa bara atashangaa maji matamu kupatikana pale, lakini Alawi alimweleza bintiye siri yake. Chini ya ardhi ya pwani, alisema, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Ukichota kwa adabu utapata matamu siku zote. Ukikomba, utaikuta chumvi imekungoja chini yake. Kwa hiyo kata ilishushwa taratibu, bila kishindo, na usiku hapakuchotwa, ili kisima kilale. Maji ya alfajiri ndiyo yaliyokuwa bora kupita yote.

Halafu shamba la mkonge lililokuwa nyuma ya kijiji likafunga pampu ya mvuke. Ilivuta maji ya kuoshea katani mchana kutwa na usiku kucha. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona tofauti. Mwaka wa pili maji ya alfajiri yakawa na ukakasi. Mwaka wa tatu majani ya tambuu yakaungua kingo, yakakunjamana, yakaanguka. Alawi aliketi kando ya kisima akiyaonja maji kila siku, kama mtu anayeshika paji la uso la mgonjwa. Mwishowe akaondoka kwenda kutafuta kibarua cha reli, wajomba wakaenda Tanga, bibi yake Mwanajuma akafia nyumba ya watu, na nyumba yao ikabaki kwa kunguru. Mwanajuma alikuwa na miaka kumi. Tangu siku hiyo, kwake yeye, chumvi kisimani ilikuwa na maana moja tu: watu wa nyumba moja kutawanyika.

Na sasa ilikuwa hapa, mwendo wa siku nzima wa garimoshi toka baharini.

Hakumwambia mtu hofu yake, ila alianza kufanya alivyofanya baba yake. Alisimama kisimani akiwasihi watu wachote polepole, wasikigongeshe kisima kwa ndoo, na jioni wakiache kipumzike. Wengine walimcheka, wengine wakamtii kwa kumhurumia. Juma zima likapita. Siku ya saba aliamka alfajiri, kabla ya adhana kumalizika, akashusha kata yake kama anayemfunika mtoto shuka. Akaonja.

Akatema. Maji ya alfajiri yalikuwa mabaya kuliko ya jana jioni.

"Nitaomba uhamisho," Mussa alimwambia alipomwona ameinama juu ya makarai matupu. "Kwani reli ina stesheni moja?"

"Tuhamie wapi, Mussa? Nilihamishwa na chumvi nikiwa mtoto. Nikihamishwa tena sasa, nitasimama wapi?"

Mussa akachukua ndoo, akamletea maji toka chemchemi ya Njoro, mbali na kwao, akiyabeba begani kabla ya kwenda kazini. Alifanya hivyo siku nyingi bila kuombwa.

Sasa, siku za soko alikuwa akipita hapo Eliaichi, mwanamke wa Mbokomu aliyeteremka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani na mwingine mgongoni. Walizoeana miaka mingi. Eliaichi alikuwa akipumzika kibarazani kwa Mwanajuma, akimwachia ndizi za kupika, akipewa maji ya kunywa. Alikuwa hajashuka tangu kisima kigeuke; siku hiyo alipofika alipiga funda moja, akasita, akakitazama kikombe.

"Umetia magadi humu?"

"Sikutia kitu, shoga yangu. Ndivyo kisima kilivyo siku hizi." Na kwa kuwa Eliaichi hakuwa mtu wa mtaani, na asingemcheka, Mwanajuma akamweleza yote: Pangani, baba yake, pampu, mafuta na mchuzi. "Bahari imekuja mpaka huku chini kwa chini," akamaliza. "Naijua ladha yake."

Eliaichi alisikiliza mpaka mwisho. Aliheshimu maneno ya baba wa mwenzake, lakini ilionekana kuna jambo halimwingii akilini.

"Mimi bahari siijui," akasema. "Ila maji nayajua. Kwetu kuna mfongo, mfereji uliochimbwa na babu zetu toka korongoni mpaka kwenye migomba. Maji yakija machafu, unadhani tunawauliza walio chini yetu? Tunapanda juu. Tunafuata mfereji mpaka tumwone aliyeosha mbuzi wake ndani. Wewe, Mama Zuleha, umekaa ukitazama baharini. Maji ya hapa hayatoki baharini. Yanatoka kule." Akaelekeza kidevu chake kaskazini, ulikokuwa mlima nyuma ya mawingu. "Nani yuko juu yako?"

Miaka ishirini Mwanajuma aliishi chini ya mlima ule, na swali hilo halikuwahi kumpitia.

Wakaondoka wote wawili, ndizi zikabaki kibarazani zikilindwa na Shani. Walipanda mtaa taratibu, na kila walipoona kisima wakaomba maji ya kuonja. Kisima cha fundi seremala, hatua hamsini juu ya chao, kilikuwa na chumvi kali kuliko chao. Mwanajuma akamshika Eliaichi mkono. Wakapanda tena. Kisima cha bibi mmoja msuka ukindu, hatua mia na zaidi juu ya hapo, maji yake yalikuwa matamu kama ya zamani.

"Basi ni hapo katikati," akasema Eliaichi.

Hapo katikati palikuwa na ghala la ngozi.

Lilifunguliwa baada ya masika na mfanyabiashara aitwaye Firoz, kijana mwenye adabu aliyenunua ngozi za ng'ombe na mbuzi toka kwa wafugaji wa tambarare, akazitia chumvi zisioze, kisha akazipeleka Tanga kwa reli. Nyuma ya ghala walikuta shimo pana kama chumba, na ndani yake maji ya kijivu yenye utando mweupe pembeni. Mfanyakazi mmoja alikuwa akimimina pipa jingine. Mwanajuma alichovya kidole, akakigusisha ulimini, na moyo wake ukapiga vile ambavyo haukupiga kwa miezi miwili. Ilikuwa chumvi, lakini haikuwa bahari.

Kuamini yeye mwenyewe ilikuwa kazi rahisi. Kumwaminisha Firoz ikawa nyingine.

"Mama Zuleha, nakuheshimu," alisema Firoz, ambaye mashati yake yote yalifuliwa na Mwanajuma. "Lakini shimo langu lina kina cha mtu mmoja. Kisima chenu kina futi thelathini, na kiko kule. Maji yatapitaje ndani ya udongo wote huo?" Akafikiri. "Wewe una bluu ya kufulia. Imimine shimoni. Kisima kikigeuka bluu, nitafukia shimo kesho yake."

Lilionekana shauri la haki. Mwanajuma alimimina bluu yote aliyokuwa nayo, mpaka shimo likawa na rangi ya anga. Kila asubuhi mtaa ulikusanyika kisimani kutazama. Siku nane zikapita na maji yalitoka meupe pe, na chumvi yake ile ile. Watu wakaanza kutawanyika wakinong'ona. Shani hakutania tena. Alimletea andazi la moto bila kusema neno, na hilo likamuumiza Mwanajuma kuliko utani.

Alirudi ghalani kumwambia Firoz kwamba ameshindwa. Alimkuta amekaa na mama yake, bikizee mdogo aliyevaa nguo nyeupe, ambaye watu walimwona kwa nadra. Mwanajuma akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Kiswahili chake kilikuwa kidogo na kizito. Alimwuliza mwanawe jambo kwa Kikachi, lugha ya kwao Bara Hindi, Firoz akamjibu, wakaendelea hivyo kwa muda, na kadiri walivyoendelea ndivyo uso wa Firoz ulivyobadilika. Hatimaye bikizee akamgeukia Mwanajuma.

"Wewe mtoto wa pwani?"

"Ndiyo, Bibi. Pangani."

"Mimi pia, pwani. Kachi. Kisima chetu bahari ilikunywa. Tulikuja huku." Akatafuta maneno. "Kule, maji machafu tulichuja kwa mchanga. Tope linabaki kwa mchanga. Rangi inabaki kwa mchanga. Chumvi haibaki. Chumvi inapita. Siku zote inapita." Akamwelekezea mwanawe kidole. "Huyu hajui. Huyu mtoto wa bomba."

Firoz aliinamisha kichwa, akacheka kwa aibu. Kisha akasimama akamwita mfanyakazi wake, akamwambia asimwage tena hata kikombe.

Kesho yake aliitwa Remigius, mchimba visima wa Kibosho aliyekichimba kisima kile miaka tisa nyuma. Alifungwa kamba kiunoni akateremshwa na wanaume wanne. Alikaa huko chini kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa amefungua kiganja, na ndani yake mna unga mweupe kama wa wanga.

"Chini kabisa, yanakobubujika maji, hakuna kitu," akasema. "Huu nimeukwangua ubavuni, upande wa mlimani. Kuna ufa kati ya mawe, unavuja matone. Chumvi inaingilia hapo, si chini." Akakung'uta mkono. "Ukitaka kisima hiki kipone, kikaushwe. Kichotwe mpaka tope, kijae, kichotwe tena. Siku kumi, siku ishirini, mpaka ardhi ijisafishe."

Watu wote wakamtazama Mwanajuma, kwa sababu yeye ndiye aliyewakataza kuchota kwa nguvu.

Hapa ndipo alipopatwa na woga mkubwa kuliko wote. Kukomba kisima! Jambo lililoiua bustani ya baba yake ndilo alilotakiwa sasa kuliamuru kwa kinywa chake. Kama amekosea, kama bahari kweli imelala chini ya Moshi, basi leo angeiita kwa jina, na mtaa wote ungehama kama walivyohama watu wa kijijini kwao. Alitazama kaskazini. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na ile theluji ilionekana juu kabisa, nyeupe, inayeyuka taratibu na kushuka ardhini kama ilivyoshuka tangu dunia iumbwe. Eliaichi alisema kweli. Huku maji yalitoka juu.

"Choteni," akasema. Akalinyanyua debe lake mwenyewe, akapaza sauti. "Choteni mpaka tope!"

Wakachota. Wafanyakazi wa reli walikuja wakitoka kazini, Firoz akatuma watu wake na mapipa, Shani akapika chai kwa maji ya Njoro akawagawia bure. Maji ya chumvi yalimwagwa mbali, upande wa chini, penye ardhi isiyolimwa. Ghalani, Firoz alijenga sakafu ya saruji na masinia mapana ambamo maji ya chumvi yalikaushwa juani, na chumvi iliyobaki ikatumika tena kwenye ngozi. Baadaye alikuwa akisema mwenyewe kwamba tangu hapo ananunua chumvi nusu ya zamani, na kwamba alipaswa kusikiliza mapema.

Siku ya tano maji hayakubadilika. Siku ya kumi Mwanajuma alidhani yamebadilika, akaonja tena, akakosa hakika. Aliogopa kuuamini ulimi wake. Kisha mvua za vuli zikaanza, siku tatu mfululizo, na mitaro yote ya mtaa ikaimba. Waliendelea kuchota mvuani, wamejifunika magunia.

Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, Mwanajuma alichota debe moja, akalimimina kwenye karai bila kuonja. Aliuchukua mche wa sabuni. Alikuwa na shati moja tu la Mussa mbele yake. Akalisugua mara moja, mara mbili. Povu likapanda. Lilipanda juu ya vidole, likafika viwikoni, likamwagika ukingoni mwa karai, na yeye bado anasugua shati ambalo lilikwisha kutakata zamani, machozi yakimtiririka na kicheko kikimtoka kwa pamoja, mpaka Mussa akatoka nje na mswaki mdomoni kuona kuna nini. Mwanajuma alimwonyesha mikono yake. Mussa alitazama povu, akamtazama mkewe, akaketi chini hapo hapo kwenye matope kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Bega langu lilikuwa limekwisha."

Shani alikuja mbio na birika. Akachota, akachemsha, akaonja, akafumba macho. "Bahari imerudi kwao," akatangaza, na mara hii Mwanajuma ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Desemba, mvua zilipokatika kidogo, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote ya Moshi. Alifunga mlango, akamchukulia Eliaichi miche miwili ya sabuni na kanga mpya, akapanda mlimani kwa miguu. Njia ilikuwa ya utelezi na mapafu yake hayakuizoea. Alipumzika mara sita. Eliaichi alimpokea kwa machalari ya moto, ndizi zilizopikwa na nyama, kisha akampitisha chini ya migomba mpaka ulipo mfongo, mfereji mwembamba usiozidi upana wa mkono, ukikimbia kimya kimya pembeni mwa kilima. Mwanajuma alichuchumaa, akakunja viganja, akateka.

Yalikuwa baridi mpaka yakamuuma meno.

"Vipi?" akauliza Eliaichi.

"Ngoja niteke tena," akasema Mwanajuma. "Njaa ya kupanda kilima imekwisha, ila kiu bado."

Alilala huko siku mbili, na aliporudi mjini alikuta kamba zake zote sita zimejaa nguo chafu walizomtundikia wateja, zikimngoja afue.